Mkamwana Niliyemjua kwa Kishindo cha Miguu

Mjukuu wangu Atuganile ana miaka kumi. Wiki iliyopita alikuwa mlangoni anachambua maharage, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Babu, mama yangu alikuwa na sura gani?"

Nilimwambia amalize maharage. Hakukosea kuuliza, ila alimwuliza mtu ambaye hakufaa kuulizwa. Nilikuwa jirani wa mama yake miaka saba, mwaka wa mwisho nyumba kwa nyumba, na sura yake niliiona mara moja tu, siku aliyoondoka.

Watu wa leo wataona ni upuuzi, kwa hiyo nieleze. Sisi Wanyakyusa tulikuwa na mwiko: mke wa mwanao hakutazami, nawe humtazami. Akikusikia unakuja huacha njia, akajificha mpaka upite. Hali pamoja nawe, haingii nyumbani mwako, hatamki jina lako. Ilikuwa heshima. Tena haikumchosha mtu, maana kwetu Rungwe vijana walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao, na kila kijiji kilikuwa na njia yake ya kwenda mtoni. Wamisheni wakaja, mwiko ukalegezwa, Wakristo wengine wakaanza kusalimiana na wakamwana wao huku wamegeuza nyuso. Mimi nilibatizwa Moraviani, lakini hili sikuliacha. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, kwa maandishi ya magunia na kitabu cha nyimbo alichokiacha mwenzangu alipokufa. Hakuna mwalimu aliyenifundisha, basi hakuna mwalimu aliyeninyang'anya mambo ya kwetu.

Mama yake Atuganile aliitwa Tusekile. Mwanangu Asukile alimwoa mwaka sitini na nane, akamleta huku karibu na Mbalizi tulikokuwa tumehamia kutafuta ardhi. Walijenga ng'ambo ya kijito, mimi na mke wangu upande huu. Nilimjua kwa masikio. Mwanamke hujulikana kwa mwendo wake kama anavyojulikana kwa sauti. Wa kwake ulikuwa mwepesi na wa haraka, kisigino hakigusi chini sawasawa. Akiwa mtoni na wenzake nilisikia kicheko chake kikipanda juu ya vicheko vyao. Basi nikajisemea, mwanangu ameoa mtu mwenye afya.

Atuganile alizaliwa mwaka uliofuata. Baada yake walikuja wavulana wawili. Mmoja alitoka amekufa. Wa pili aliishi siku tisa, akapewa jina langu, Isakwisa, na akazikwa nalo.

Baada ya huyo wa pili kishindo kilibadilika. Nilisikia mguu ukiburutwa, halafu kimya, halafu mguu mwingine. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiniletea habari za upande ule, alisema kizazi kimelegea, mgongo hauna nguvu, akiinua debe la maji anakaa chini na kushika tumbo. Zahanati walimpa vidonge. Aliacha kwenda kanisani. Mke wangu alipomwuliza sababu alijibu, "Mama, niende nikaimbe nini?"

Zamani jambo kama hilo lilikuwa na dawa yake, wala haikuwa kwenye chupa. Mwanamke aliyezaa alifungwa tumbo kwa nguo na kina mama wakubwa, akakandwa kwa maji ya moto, na alipopata nguvu aliingia tena katika kazi za wenzake. Wanawake walitwanga pamoja, wawili wawili kwenye kinu kimoja. Walivuna pamoja, walikata kuni pamoja, walipanda mlima na mizigo huku wanaimba. Aliyechoka alisukumwa na mwendo wa wenzake. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Halafu mashine ya kusaga ikaja Mbalizi, na kila mwanamke akawa anapeleka debe lake peke yake na kukaa kwenye foleni peke yake. Tukaambiwa hayo ni maendeleo.

Mwaka sabini na nne tukahamishwa. Kila mtu anaukumbuka mwaka ule. Tulitolewa mabondeni kwetu tukapangwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimenyooshwa kama madaftari kwenye dawati, barabara moja katikati. Nyumba yangu ilipewa namba kumi na moja. Ya Asukile kumi na mbili.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwambia, "Mimi na mkamwana wangu hatuwezi kutumia njia moja."

Akacheka, kijana yule. "Mzee, barabara ni ya taifa. Mwambie ajifunike."

Ndivyo nilivyoanza kuishi na mtu ninayemkimbia na anayenikimbia. Nikikohoa asubuhi, nilisikia mlango wa kumi na mbili ukifungwa. Nikitoka kwenda shambani, mke wangu alitangulia kusema kwa sauti, "Baba Asukile anatoka!" na mguu ule unaoburutwa ukaanza kuhangaika kutafuta pa kujificha.

Krismasi ya mwaka huohuo ndugu yangu Jailos alikuja toka Tukuyu, tukakaa kikao cha ukoo. Jailos hana maneno ya kuzungusha. Alisema, "Huyu mwanamke hazai, halimi, hachoti maji. Ng'ombe wetu wako kwao wanazaa, sisi huku tumebaki na mgonjwa. Arudishwe."

Asukile alikuwa fundi baiskeli, mtu wa kimya. Alitazama mikono yake iliyojaa grisi. "Na mtoto?"

"Mtoto ni wetu. Mtoto haendi popote."

Wakanigeukia mimi. Nilisema tumpe muda hadi mavuno. Kama mahindi yakivunwa naye hajaweza kubeba mzigo kama wanawake wengine, arudi kwao, na Atuganile abaki. Niliona nimesema neno la huruma. Ukuta kati yetu na namba kumi na mbili ulikuwa wa miti na udongo uliopasuka. Tulipomaliza kusema, upande wa pili hakukuwa hata na sauti ya mtu anayepumua.

Sasa huyu Tekla. Alikuwa Bibi Maendeleo, Mhehe wa Idodi huko Iringa, Mkatoliki, mfupi, mnene wa miguu, hajaolewa. Alivaa raba za mpira na filimbi shingoni kama refa. Miaka ya kampeni ya afya alikuwa amezunguka na redio akiwafundisha watu kuchimba vyoo. Redio ilipoharibika akabuni jambo lake mwenyewe: mchakamchaka wa kina mama. Mchakamchaka tuliujua ni wa watoto wa shule na askari. Yeye aliwatoa wanawake waliozaa, wenye matiti yanayotoa maziwa, akawapanga mstari mmoja alfajiri na kuwakimbiza barabara nzima hadi uwanja wa shule. Huko aliwalaza chali kwenye nyasi zenye umande, akawafundisha kukaza tumbo na nyonga, kuinua miguu, kuchuchumaa na kuinuka na tofali mikononi.

Wanaume tulicheka mpaka tukachoka. Mzee wa kanisa alisema ni aibu. Tekla alimjibu mbele za watu, "Mzee, Ijumaa Kuu mnawapigisha magoti saa tatu nzima. Hayo nayo si mazoezi?"

Tusekile alikwenda wiki ya pili ya Januari, mvua ikinyesha. Nilimsikia akitoka, mguu ukiburutwa kwenye matope. Mke wangu aliniambia baadaye kilichotokea, maana naye alikwenda kuchungulia. Wenzake walikimbia mpaka uwanjani wakarudi, na yeye bado hajafika nusu ya njia. Alikaa kwenye jiwe akalia. Tekla akaja akakaa karibu naye.

"Unaitwa nani?"

"Mama Atu."

"Huyo ni mama wa mtu. Wewe unaitwa nani?"

"Mke wa Asukile."

"Nimeuliza jina, dada. Ulilobatizwa nalo."

Mke wangu anasema alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu sandukuni. "Tusekile."

"Haya, Tusekile. Kwetu hapa hakuna mama fulani wala mke wa fulani. Kesho utafika mpaka kwenye lile jiwe la pili."

Kesho yake alifika kwenye jiwe la pili. Nilihesabu siku kwa masikio. Mwezi wa pili mguu haukuburutwa tena, ulikuwa unapiga chini kwa uzito. Mwezi wa tatu ukapata mwendo. Walikuwa kumi na wanane, na walikimbia wakiimba nyimbo za kanisani zilizoharakishwa. Moraviani, Wakatoliki, Walutheri, kila siku mmoja anaanzisha wimbo wa kwao na wengine wanajibu. Kabla ya kuanza walisimama mduara na kuomba kwa ufupi. Siku moja niliisikia sauti ya Tusekile katika maombi, ya kwanza tangu azike. Alisema, "Bwana, nilikunyamazia mwaka mzima. Leo nina pumzi, nakuomba uniache na mtoto wangu." Hakusema zaidi. Wenzake waliitika amina kwa kishindo, na wakaanza kukimbia.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango wangu. Nilijua anaomba nini na nani aliyemfanya aombe hivyo.

Walitaniana sana, wale. Nilisikia maneno ambayo wanawake wetu walikuwa wakiyasema vinuni, nikadhani yalibaki kule mabondeni.

"Alinanuswe, mbona unakimbia kama unafukuzwa na nyuki?"

"Afadhali mimi. Wewe makalio yako yanafika uwanjani kesho!"

"Mwacheni, hayo ndiyo mahari yake!"

Na kicheko cha Tusekile kikipanda juu ya vicheko vyao.

Mwezi wa nne alikuwa anabeba debe kichwani bila kulishika. Mke wangu alisema, "Baba Asukile, yule mwanamke amepona. Waandikie Tukuyu." Asukile naye alianza kupiga mbinja akirudi kazini. Nilipaswa kufurahi. Mavuno yalikuwa karibu na mashitaka yalikuwa yanakwisha yenyewe. Lakini kulikuwa na jambo lililonikaa kooni, na nitalisema kama lilivyokuwa.

Mstari ule ulipita mlangoni pangu kila alfajiri. Siku ya kwanza tuliyokutana, nilikuwa nimetoka kuelekea shambani mapema. Tusekile aliniona, akaruka nje ya barabara na kuchuchumaa ndani ya mahindi, kanga usoni. Nilifurahi kwamba bado anajua adabu. Mstari mzima ukasimama kumngojea, Tekla akapiga filimbi kwa hasira, mimi nikapita polepole.

Siku ya pili walikuwa wamejiandaa. Waliponiona, wanawake wanne walivua kanga zao za mabegani, wakazinyoosha kati yangu na yeye kama pazia, na mstari ukapita bila kusimama. Niliona kanga zinazokimbia, na chini yake miguu. Nyuma ya pazia mtu mmoja alicheka. Sijui kama ni yeye.

"Ugonile, baba!" waliita wengine wakinipita, wakinisalimu Kinyakyusa.

Watu wazima watakaosoma hapa wanaweza kuona kwamba wanawake wale walikuwa wameuheshimu mwiko kuliko mtu mwingine yeyote kijijini. Waliulinda bila kumvunjia mwenzao mwendo. Leo ninaliona hilo. Siku ile niliona tu kwamba kitu cha baba zangu kimegeuzwa mchezo, kwamba mimi ni mzee anayepitiwa na vitambaa. Nilichukuliwa nyumba, nilichukuliwa bonde, na sasa hata haki ya kukimbiwa njiani.

Mbele ya kijiji, kabla ya kufika shule, kulikuwa na mashimo ya matofali. Serikali ilitaka nyumba bora, watu wakachimba udongo pande zote mbili za barabara mpaka ikabaki njia nyembamba katikati, ya mtu mmoja mmoja. Pale ilikuwa lazima mstari unyooke. Pale pazia lisingewezekana, kwa sababu hapakuwa na pa kukanyaga pembeni.

Mwezi wa sita nikabadilisha matembezi yangu. Shamba langu lilikuwa upande mwingine kabisa. Lakini kila alfajiri nilichukua fimbo na kwenda kwenye mashimo.

Siku mbili za kwanza nilichelewa, walikuwa wameshapita. Siku ya tatu palikuwa na ukungu, ule wa Juni unaoshuka toka mlima Mbeya na kukaa chini mpaka jua lipande. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Walinipita mmoja mmoja kwenye ile njia nyembamba, wakiinama kidogo kwa heshima, na kila mmoja aliponiona aliita nyuma, "Tusekile, baba yupo! Tusekile, baba!" Lakini walikuwa wanaimba, na yeye alikuwa wa mwisho kabisa. Tekla alikuwa amempa kazi ya kufunga mstari, kwa kuwa sasa alikuwa na nguvu za kumsukuma aliyechoka. Aliyekuwa hafiki jiwe la kwanza alikuwa ndiye anayewasindikiza wengine.

Alitokea kwenye ukungu hatua nne toka kwangu. Nilisikia kishindo kikikatika. Nilisikia pumzi ikivutwa. Ningeweza kurudi nyuma. Ningeweza kugeuka mimi. Nilisimama katikati ya njia na fimbo yangu, nikatazama chini kama inavyotakiwa, nikangoja anikimbie.

Akanikimbia. Aliruka kushoto.

Shimo lile lilikuwa na kina cha mtu na nusu, na chini kulikuwa na matofali yaliyovunjika. Sikusikia kelele. Nilisikia kitu kama ukuni unapovunjwa kwa goti, halafu kimya, halafu sauti yake toka chini, karibu sana, sauti ambayo miaka saba haikuwahi kunielekea mimi.

"Tata," aliniita, yaani baba. "Nipe fimbo."

Nilikuwa na fimbo. Ilikuwa ndefu ya kutosha. Nilitakiwa tu kupiga magoti, kunyoosha mkono na kutazama ndani ya shimo.

Niligeuka nikampa mgongo.

Nilianza kuita wanawake. Niliita kwa nguvu zangu zote, hilo nalisema, niliita mpaka koo likakauka. Lakini walikuwa uwanjani wanaimba. Nilisimama vile, mgongo kwake, uso kwenye ukungu, naye hakuniita tena. Alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Sala ileile ya mduara, ila hapakuwa na wa kuitika amina.

Uwanjani Tekla alihesabu watu wake, akapata kumi na saba. Walirudi mbio. Wakashuka shimoni kama maji, wakafunga kanga nne kwenye fimbo mbili, wakampandisha, wakambeba wakiwa wanabadilishana mabega mpaka barabara kuu, wakapata lori la viazi lililompeleka hospitali mjini. Wanawake wale wangeweza kubeba hata ng'ombe. Tekla alibaki nyuma dakika moja. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Shamba lako liko huku, mzee?"

Nilishika fimbo yangu nikarudi nyumbani.

Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika mara mbili. Alilala na plasta miezi mitatu. Wenzake walilima na kuvuna shamba lake kwa zamu, mahindi yote yakaingia ghalani. Jumapili walikuwa wakienda mjini kumwona, wengine wakilala kwa ndugu zao mtaa wa Soweto, hukohuko mjini, ili wamwone tena asubuhi. Mke wangu alikwenda nao mara moja. Anasema wodini walimfanyisha mazoezi ya mikono akiwa amelala, wanaimba kwa sauti ya chini, na wagonjwa wengine wakainua mikono pia, hata bibi kizee mmoja aliyekuwa hajaongea siku nyingi.

Mguu ulipona ukiwa mfupi.

Mwezi wa tisa Jailos alirudi toka Tukuyu. Kikao kilikaa nyumbani kwangu, na safari hii Tekla alikuja na wanawake wake, wakasimama uani. Jailos alisema yaliyotegemewa: mavuno yamepita, mwanamke ni kiwete, na kukimbiakimbia barabarani kama mwanajeshi ndiko kulikomvunja.

"Hakuvunjwa na kukimbia," Tekla alisema toka uani. "Alibeba debe mwezi wa nne, mlimwona wote. Mwulizeni huyu mzee alikuwa anakwenda wapi asubuhi ile."

Asukile alinitazama. Jailos alinitazama. Nilijua kwamba Tusekile yuko namba kumi na mbili, nyuma ya ule ufa wa ukuta, na kwamba miezi mitatu yote hakumwambia mtu kuhusu fimbo. Mke wangu angeniambia. Aliniwekea mimi neno hilo niliseme mwenyewe. Maneno mawili tu yangetosha. Mtoto angebaki na mama yake.

"Nilikuwa natembea," nikasema. "Asubuhi mtu hutembea."

Asukile aliinamisha kichwa. Kikao kikaisha.

Ng'ombe wa mahari walirudishwa na kaka zake kabla ya mvua. Tusekile mwenyewe hakutaka kurudi kwao Tukuyu kwenda kuwa mzigo wa kaka. Tekla alikuwa amehamishiwa kwao Idodi, na walikubaliana aende naye Iringa. Waliondoka Jumatatu. Niliamka mapema, na sijui kilichonipeleka kule kwenye mashimo. Sikwenda kumzuia. Labda miguu ilikuwa imezoea.

Hapakuwa na ukungu siku ile. Niliwaona toka mbali, wote kumi na wanane, mstari mmoja, wakimsindikiza mpaka kituo cha basi. Walikuwa wanakwenda mchakamchaka, ila polepole mno, na nilipotega sikio nikaelewa sababu. Mguu mzima, mguu mfupi. Mguu mzima, mguu mfupi. Walikuwa wameuchukua mwendo wake. Wanawake kumi na saba wenye miguu mizima walikuwa wanachechemea kwa pamoja, na Tekla naye na raba zake, ili kishindo kiwe kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Atuganile alimshika mkono, akiwa na gauni la shule, kwa kuwa aliambiwa atamsindikiza mama halafu aende darasani.

Waliingia kwenye njia nyembamba. Nikangoja aruke. Akili yangu ilikuwa bado inangoja aruke.

Hakuruka. Ng'ombe walikuwa wamesharudi. Hakuwa mkamwana wangu tena, na mimi sikuwa kitu kwake, mzee tu njiani. Alikuja moja kwa moja, amefunua uso, akanitazama machoni. Ana uso mpana, Atuganile. Ana nyusi kama zako, na kovu dogo juu ya mdomo. Jicho la kulia ni dogo kidogo kuliko la kushoto. Hakuwa amelia.

"Shikamoo, mzee," alisema. Kwa Kiswahili, kama mtu anavyomsalimu mgeni sokoni.

Njia haikuwa na nafasi ya watu wawili. Yeye hakusimama, mstari nyuma yake haukusimama, na mimi ndiye niliyeacha njia. Nilishuka pembeni, nikakanyaga ukingo wa shimo lilelile, nikashikilia majani, nikainamisha uso mpaka wote wamepita.

Siku hizi mwiko umekwisha. Wake za vijana wananipa mkono, wananiuliza nimelalaje, wanakaa nami meza moja, na sina la kuwaambia. Mchakamchaka wa kina mama nao ulikufa baada ya Tekla kuondoka. Filimbi alikwenda nayo. Msafiri mmoja aliyepita Idodi alisema kuna mwanamke anayechechemea huko, Mnyakyusa, anapiga filimbi asubuhi na kina mama wa kijiji wanatoka na kumfuata. Asukile alilisikia hilo, akaendelea kuziba tairi. Hajaoa mwingine.

Alfajiri huwa naamka kabla ya jogoo na kutega sikio barabarani. Magari mengi. Watu wengi, kila mmoja na haraka yake.

Atuganile, maharage umeshamaliza. Uliniuliza swali, nami nimekuandikia nilichokiona mara moja, na nilichokisikia miaka saba. Nimeandika pia nilichoombwa na mama yako toka shimoni, kwa sababu yeye hakumwambia mtu, na mimi nilipoulizwa sikusema. Shule zikifungwa baba yako atakupeleka Iringa, nimeshazungumza naye. Ukifika umpe karatasi hizi. Anajua kusoma.